Kujifunza Kitaliano ukubwani: maswali ninayoulizwa kila msimu

Nafundisha Kitaliano watu wazima huku Malindi na Watamu: wahudumu wa hoteli, madereva wa tuktuk, wachonga vinyago, manahodha wa mashua zinazopeleka wageni matumbaweni, na akina mama wanaojiandaa kuwafuata waume zao Italia. Mimi mwenyewe nilianza nikiwa na miaka 33, jikoni kwenye mkahawa, mikono ndani ya maji ya sabuni. Maswali haya hunijia kila mwaka wageni wanapoanza kuingia. Nayajibu kwa mfano wa Kitaliano kwa sababu ndiyo lugha niliyoipata ukubwani, lakini aliye Muscat akihangaika na Kiarabu cha mtaani, au Berlin na Kijerumani, atakuta mengi yanamgusa.

Mwalimu, nina miaka 42. Sijachelewa?

Kuongea vizuri, hujachelewa. Ulichochelewa ni kusikika kama mtu aliyezaliwa Firenze. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na watu wengi huliacha la kwanza kwa kulilia la pili.

Wazo kwamba akili ya mtu mzima imekwisha kufungwa lilienea sana baada ya mwaka 1967, mtafiti Eric Lenneberg alipoandika kwamba kuna kipindi ambacho kikipita, lugha haiingii tena kwa wepesi ule wa utotoni. Lina ukweli ndani yake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018, uliopima sarufi ya Kiingereza kwa watu kama 670,000, ulionyesha kwamba wepesi wa kunasa sarufi hubaki imara mpaka kwenye miaka 17 hivi, kisha huanza kupungua. Kupungua, lakini, si kukatika. Na mwaka 1978 huko Uholanzi watafiti waliwafuatilia wageni waliokuwa wakijifunza Kiholanzi: miezi ya mwanzo, waliokwenda mbio ni vijana wa miaka 12 hadi 15 na watu wazima. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano ndio waliobaki nyuma. Haishangazi. Mtoto hujifunza neno "deni" na deni lenyewe kwa pamoja. Wewe deni unalijua tangu zamani, unachotafuta ni jina lake jipya.

Tena Italia yenyewe ni nchi ya watu waliojifunza Kitaliano ukubwani. Ilipounganishwa mwaka 1861, wenyeji wengi mno walizungumza lahaja na lugha za kwao, na Kitaliano sanifu kilikuwa cha wachache. Karibu miaka mia baadaye kazi ilikuwa haijaisha. Kuanzia 1960 hadi 1968 mwalimu Alberto Manzi alisimama kwenye televisheni ya taifa, RAI, mkononi kipande cha makaa, mbele yake karatasi kubwa, akiwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kule vijijini watu walikusanyika mbele ya televisheni moja wakamfuata herufi kwa herufi. Mwanafunzi wangu wa miaka 50 akiona haya kushika kalamu, humsimulia habari za Manzi.

Mbona vijana wa ufukweni wanakiongea na hawajawahi kukaa darasani?

Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake lina somo zuri na onyo ndani yake.

Waitaliano hawakuja Malindi juzi. Miaka ya sitini walijenga jukwaa la kurushia setilaiti baharini, upande wa Ngomeni, lililoitwa San Marco, chini ya profesa Luigi Broglio. Roketi zilirushwa pale tangu 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya Kenya. Waitaliano wakaipenda pwani hii, wakajenga, wakafungua hoteli na mikahawa. Ndiyo maana leo muuza nazi anakwambia "ciao" kabla ya "jambo". Zanzibar nako, nenda Kiwengwa au Nungwi, utakuta hali hiyohiyo.

Sasa kijana wa ufukweni anajifunzaje? Siku nzima yuko kwenye jambo lilelile: kusalimia, kuuliza mgeni katoka wapi, kutaja bei, kupunguza bei, kuagana. Sentensi 30 labda, lakini kila moja ameisema mara elfu. Hajazisoma popote, zimemkaa mdomoni. Akikosea mgeni anatabasamu, naye anaendelea. Haya ndiyo mambo mawili ambayo mtu wa darasani huyakosa: kurudia kwingi, na kutoogopa.

Onyo ni hili. Wengi wao husimama palepale miaka 20. Utamsikia mtu anasema "ieri io andare mare", kama vile kusema "jana mimi kwenda bahari". Anaeleweka, analipwa, basi hakuna kinachomsukuma. Siku anapotaka kazi ya mapokezi hotelini, au mgeni anapomletea malalamiko marefu, anakwama. Na kosa lililosemwa mara elfu limemkaa mdomoni vilevile kama lililo sahihi. Kwa hiyo rudia kama yeye, ila hakikisha unachokirudia ni "ieri sono andato al mare". Mwanamke aseme "sono andata".

Kiswahili changu kitanisaidia au kitanivuruga?

Kitakusaidia kuliko unavyodhani. Hapa nitakaa kidogo, maana sijui kwa nini halisemwi.

Anza na sauti. Irabu zetu tano zipo zote. Silabi nyingi za Kitaliano huishia kwa irabu, kama zetu. Mkazo kwa kawaida uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu: "bam-BI-no", "ki-TA-bu". Ile "gn" ya "bagno" inakaribia sana "ny" ya nyumba, "ci" ni "chi", "sci" ni "shi". Mswahili akisoma gazeti la Kitaliano kwa sauti siku ya tatu, Mwitaliano anamwelewa.

Halafu tazama kitenzi. Sisi husema "ninakula", neno moja, na mtendaji yumo ndani. Mwitaliano naye husema "mangio", neno moja. "Tunakula" ni "mangiamo". Sisi tumemweka mtendaji mwanzoni mwa neno, wao wamemweka mwishoni. Sema "ninakuona": hiyo "-ku-" imetangulia "-ona". Mwitaliano anasema "ti vedo", na "ti" imetangulia vilevile. Sifa kwa kawaida hufuata jina: "nyumba nyeupe", "casa bianca". Na upatanisho ambao wenzetu wanaotoka kwenye Kiingereza wanaulilia, sisi tumekua nao: "mti mrefu, miti mirefu", "albero alto, alberi alti". Mtu aliyezoea ngeli zetu zote hatatishwa na jinsia mbili za majina ya Kitaliano, ya kiume na ya kike.

Kubwa kuliko yote ni "nina". Sisi tuna njaa, tuna kiu, tuna usingizi, tuna haraka. Waitaliano wanavyo hivyohivyo: "ho fame", "ho sete", "ho sonno", "ho fretta". Hata umri: "nina miaka 42", "ho quarantadue anni". Lakini wanafunzi wangu, kwa kuwa shule waliisoma kwa Kiingereza, hupitia Kiingereza kwanza kisha huja na "sono fame", yaani "mimi ni njaa". Hao hao hubandika "io", yaani "mimi", mwanzoni mwa kila sentensi. Darasani kwangu kuna sheria moja: toka kwenye Kiswahili uende moja kwa moja kwenye Kitaliano.

Njia hiyo ya mzunguko iliwahi kunigharimu. Mwaka wangu wa kwanza, mama mmoja mgeni, mtoto analia mapajani, aliniomba "acqua calda" ya chupa ya maziwa. Kwa sikio la Kiingereza "calda" inasikika kama baridi. Nikakimbia kumletea maji kutoka friji. "Calda" ni ya moto. Nilivyomwona yule mama alivyoishika chupa na kunitazama, neno hilo halijanitoka hadi leo. Ukiingia bafu la Kitaliano ukaona bomba lina C na lingine F, C ni "caldo", F ni "freddo", baridi.

Na wapi Kiswahili kinaniangusha?

Konsonanti zinazorudiwa. "Sete" ni kiu, "sette" ni saba. "Capello" ni unywele, "cappello" ni kofia. "Pala" ni beleshi, "palla" ni mpira. Sisi hurefusha irabu, kama kwenye "kaa" na "choo", lakini konsonanti hatuishikilii. Waganda wanayo sauti hii kwenye lugha yao, sisi wengine lazima tuifanyie kazi. Sema "set", ulimi ubaki umegusa nyuma ya meno, hesabu moja kimoyomoyo, kisha uachie "-te".

Mkazo nao unadanganya pale penye maneno yasiyofuata kawaida. Chumba ni "camera", mkazo kwenye CA, na wahudumu wengi hulitamka kama kamera ya picha. "Telefono" mkazo ni LE. "Città" na "caffè" wameweka alama mwishoni ili usipotee.

Na saa! Ukimwambia mgeni mtaondoka "alle quattro" ukiwa na maana ya saa nne asubuhi, atajitayarisha kwa saa kumi jioni. Saa yetu nne ni "alle dieci". Katika jambo hili acha Kiswahili mlangoni.

Naelewa karibu kila kitu, lakini nikiulizwa nanyamaza. Nina tatizo gani?

Huna tatizo, umefanya nusu ya kazi. Umelisha masikio, mdomo haujala.

Kuna kisa cha Kanada kinachonifaa sana hapa. Watoto wa familia za Kiingereza walisomeshwa masomo yao kwa Kifaransa miaka mingi. Walisikia Kifaransa kila siku, wakakielewa sawasawa. Lakini walipoongea na kuandika, makosa ya sarufi yalibaki mengi. Mtafiti wa lugha Merrill Swain, mwaka 1985, alieleza kwamba kusikia peke yake hakutoshi: mtu anapolazimika kutoa sentensi mwenyewe ndipo anapogundua pengo lililomo ndani yake.

Nieleze nilivyofanya na dada mmoja wa mapokezi. Alikuwa amesoma miaka miwili, mitihani anapita, lakini mgeni akisimama mbele ya kaunta anageukia Kiingereza. Tulichukua sentensi moja tu: "Le chiamo un taxi?" Nikuitie teksi? Aliisema mara kumi akiitazama karatasi, mara kumi bila karatasi, mara kumi akitembea. Kisha tukabadilisha kipande kimoja: "Le porto dell'acqua?" Nikuletee maji? "Le preparo il conto?" Nikutayarishie hesabu? "Le chiamo il medico?" Kila jioni alijirekodi kwa simu dakika tatu, akasikiliza, akarekodi tena. Wiki ya pili nilianza kumkatiza: niko katikati ya habari nyingine kabisa, namgeukia ghafla na sura ya mgeni mwenye kichwa kinachouma. Wiki ya tano alinipigia simu usiku. Mzee mmoja wa Kitaliano amezidiwa na tumbo, naye amemwitia daktari, akakaa naye mpaka daktari alipofika, yote kwa Kitaliano. "Mwalimu," aliniambia, "sikufikiria hata neno moja, nilimfikiria mzee." Hapo ndipo mtu amefika. Ukianza kumfikiria unayeongea naye, lugha imeshika.

Kwa hiyo chagua sentensi 20 ambazo maisha yako yanazihitaji kweli. Dereva ana zake, mpishi ana zake, mama anayekwenda kuishi Bergamo ana zake. Mpe mjuzi azisahihishe kwanza. Zikilainika mdomoni, badilisha kipande. Njia nyingine nzuri ni kumfuata msemaji kama kivuli: washa redio au mazungumzo ya Kitaliano, na useme anachosema sekunde moja nyuma yake, kwa sauti, huku unatembea. Siku za mwanzo utashika nusu. Endelea.

Itachukua muda gani?

Hesabu saa, usihesabu miezi. Chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kinachofundisha wanadiplomasia, huweka Kitaliano kwenye lugha za wiki 24 hadi 30 za masomo ya siku nzima, kama saa 600 hadi 750 za darasani, na nyumbani bado wanasoma. Kiswahili wamekipa wiki 36. Hiyo ni kwa wasemaji wa Kiingereza. Kwetu nimekwisha kueleza tunachoanza nacho mkononi.

Sasa piga hesabu yako. Nusu saa kila siku ni kama saa 180 kwa mwaka, kwa hiyo saa 600 ni zaidi ya miaka mitatu. Saa mbili kila siku ni mwaka mmoja kasoro. Anayekuja kwangu Jumamosi peke yake, saa mbili kwa wiki, namwambia kwa upole kwamba anajifunza vizuri lakini hatakuwa fasaha kwa njia hiyo.

Nijue maneno mangapi?

Elfu mbili kwanza. Mtaalamu wa lugha Tullio De Mauro alitoa mwaka 1980 orodha ya maneno ya msingi ya Kitaliano, kama 7,000, na kati yake 2,000 ni ya lazima kabisa: ndiyo yanayobeba sehemu kubwa mno ya mazungumzo na maandishi. Andika kila neno kwenye kadi, ndani ya sentensi, na utumie sanduku la Sebastian Leitner, Mjerumani aliyelieleza mwaka 1972: kadi unayoijua inasogea chumba cha mbele, utaiona baada ya siku kadhaa, unayoikosea inarudi chumba cha kwanza. Kibweta cha viatu kinatosha, ukikigawa kwa vipande vya boksi.

Programu za simu zinatosha?

Kwa maneno zinafaa, na kwenye matatu ndizo zinazokufaa zaidi. Kwa kuongea hazitoshi, kwa sababu programu haikatizi wala haikasiriki. Wala haitakuuliza swali usilolitarajia.

"Tu" na "Lei", nitumie ipi?

Yote mawili maana yake ni "wewe". Kwa mgeni usiyemjua, mkubwa wako, daktari, au mtu wa ofisini, ni "Lei". Kitenzi chake ni kama unamzungumzia mtu mwingine: "Lei vuole", si "tu vuoi". Wanafunzi hushangaa, nami huwakumbusha kwamba mtu aliyelelewa kusema shikamoo hahitaji kufundishwa kwa nini, anahitaji kufundishwa umbo tu. Ufukweni wote ni "tu", na wageni wameshazoea. Lakini mzee wa miaka 75 akisikia "Lei" kutoka kwa kijana wa Malindi, utaona anavyokaa vizuri kitini. Mwenyewe akikwambia "diamoci del tu", amekuruhusu.

Ziko heshima zetu zisizovuka. "Pole" haina neno lake. Mgeni akijikwaa ukamwambia "mi dispiace", yaani "nasikitika", huenda akakujibu kwamba kosa si lako. Mwulize tu "si è fatto male?", umeumia? Akiwa mwanamke, "si è fatta male?" Huruma imefika.

Nahitaji cheti?

Kwa kazi za huku, mara chache. Kwa kuishi Italia, ndiyo: kibali cha ukaazi wa muda mrefu kinadai kiwango cha A2, na tangu mwishoni mwa 2018 anayeomba uraia kwa ndoa au kwa ukaazi anatakiwa kuonyesha B1. Viwango hivi vya kujua lugha, kutoka A1 cha mwanzo hadi C2 cha juu kabisa, ni vya Baraza la Ulaya, vilivyochapishwa mwaka 2001. Mitihani inayotambuliwa ni CILS ya Siena, CELI ya Perugia, PLIDA ya jumuiya ya Dante Alighieri na ule wa chuo kikuu cha Roma Tre. Kwa Kenya, mahali pa kuulizia ni Istituto Italiano di Cultura, Nairobi. Akina mama wanaojiandaa kusafiri, anzeni kabla ya viza. Ukifika kule na mtoto mgongoni na baridi nje, muda wa kusoma utaukosa.

Masika yakiingia wageni wanaondoka. Lugha haitanitoka?

Itakutoka usipoigusa. Mtafiti wa kumbukumbu Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kutoa matokeo mwaka 1885: tunachojifunza hupotea kwa kasi siku za mwanzo, na kila tunapokirudia hupotea polepole zaidi. Kuanzia Aprili hoteli nyingi zimefungwa, mvua inanyesha, na huo kwangu ndio msimu bora wa kujifunza, kwa sababu muda upo.

Tafuteni wenzenu wawili au watatu. Sisi hukutana kibarazani kwangu Jumanne na Ijumaa baada ya magharibi, watu watano au sita, chai na mahamri, na kwa saa nzima Kiswahili hakisemwi. Mmoja anakuwa mgeni aliyepoteza pasipoti, mwingine polisi. Mmoja anaeleza jinsi ya kupika samaki wa kupaka, na wanaosikiliza wanamuuliza kila hatua: nazi unaikuna lini, tui la kwanza unaliweka wapi, moto uwe kiasi gani. Nahodha mmoja wa mashua, mtu wa miaka 56, alianza masika yaliyopita kwa kutaja majina ya samaki tu. Kufikia Juni alikuwa anatueleza, kwa Kitaliano, usiku ambao injini ilizima nje ya mlango wa bahari, nasi wote tulikuwa tumesahau chai.